Yanonge: Pesa ya utafiti ikivuka mto, kijiji kinabaki na nini?

KISANGANI, Tshopo – Anayetoka Kisangani kwenda Yanonge huvuka kwanza mto Congo hadi Lubunga, halafu hufuata barabara ya udongo ya kilomita zipatazo 60 upande wa kushoto wa mto. Njia nyingine ni mto wenyewe, kwa mtumbwi wa mota au kwa baleniere. Magunia ya makala, muhogo, mchele na vidumu vya mawese hupanda kwenda mjini. Chumvi, sabuni, nguo na vitu vya duka hushuka kwenda vijijini katika teritware ya Isangi.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kwenye njia hizo hupita pia mizigo ya aina nyingine: mifuko midogo ya udongo, majani yaliyobanwa katikati ya magazeti, vipande vya mbao vilivyoandikwa namba, na karatasi za maswali ambazo wanafunzi huwauliza wawindaji, wachoma makala na wakulima. Ni mizigo ya watafiti. Wengi wao ni Wakongomani kutoka Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, wakifanya kazi pamoja na wenzao wa Ubelgiji na nchi nyingine.

Safari hizo hulipiwa na ruzuku za ubia wa kimataifa wa utafiti. Ni pesa zinazotolewa kwa masharti kwamba vyuo vya nchi mbalimbali vishirikiane katika kazi moja. Kwa jimbo kama Tshopo, ambako serikali haina uwezo wa kulipia maabara, mafuta ya pikipiki na masomo ya udaktari, ruzuku hizo ndizo zinazowezesha utafiti kufanyika. Lakini kila ruzuku ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa, na kila moja ina mtu anayeshika akaunti. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kitakachobaki Yanonge watafiti wakiisha kuondoka.

Jirani mwenye jina kubwa

Ili kuelewa kwa nini watafiti wanafika Yanonge, lazima kuangalia ng'ambo ya mto, upande wa kulia, mwendo wa kushuka na maji. Hapo ndipo Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo wa koloni, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Kwa miaka ya 1950 ilihesabiwa kati ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo cha nchi za joto duniani. Leo kituo hicho ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Pembeni yake kuna hifadhi ya Yangambi, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya hifadhi za viumbe hai katika miaka ya 1970.

Kazi iliyofanyika hapo ilifika mbali. Mwaka 1941, watafiti wawili wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza siri ya mchikichi. Walionyesha kwamba aina inayoitwa tenera, yenye kokwa la ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta, inapatikana kwa kuchanganya aina mbili nyingine: dura, yenye ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda. Ugunduzi huo ndio msingi wa mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia, nchi zinazoongoza leo katika soko la mafuta ya mawese.

Ndizi nayo ina historia yake. Kuna aina inayoitwa Yangambi Km 5, jina la mahali ilipokusanywa. Inajulikana na wataalamu wa migomba duniani kwa sababu inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Imepandwa hata Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako wakulima wanaliita jina la Yangambi bila kujua kwamba ni mji kando ya mto Congo.

Mtu wa Yanonge anayeuza mawese sokoni anaishi jirani na mahali ambapo elimu hiyo ilizaliwa. Faida kubwa ya elimu hiyo imevunwa mbali na hapa. Historia hii ndiyo inayofanya neno "ubia" lisikilizwe kwa makini katika eneo hili.

Daftari zilizoishia 1958

Kisa kingine kinaonyesha hatari ya utafiti unaotegemea mfuko mmoja. Kuanzia 1937, wafanyakazi wa Yangambi walikuwa wakipita msituni kila wiki kuangalia miti zaidi ya 2,000. Waliandika mti upi umetoa maua, upi umezaa, upi umepukutisha majani. Waliendelea hivyo hadi 1958. Baada ya uhuru wa 1960 taasisi ilipoteza wataalamu wake wa kigeni pamoja na bajeti, na kazi ya aina hiyo haikuendelea. Vita vilivyofuata vilizidisha pigo. Wakaaji wa Kisangani hawajasahau vita ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji.

Majedwali hayo ya zamani yalikaa kwenye makabati kwa miaka mingi. Hatimaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliyapiga picha, wakayaweka kwenye intaneti katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms, na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakayanakili alama kwa alama. Leo yanatumika kujifunza jinsi msitu wa Congo unavyofuata misimu ya mvua na jua.

Daftari hizo zimeokolewa, lakini pengo lililofuata baada ya 1958 haliwezi kujazwa. Miti hiyo iliendelea kutoa maua na kuzaa, na hakukuwa na mtu wa kuandika.

Pesa zinarudi

Ubia mpya ulianza kuonekana wazi mwaka 2010. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo, watafiti zaidi ya 60, Wakongomani na Wabelgiji kwa sehemu kubwa, walisafiri kwa mashua kutoka Kisangani kuelekea Bumba. Safari iliitwa Boyekoli Ebale Congo, yaani, kwa Kilingala, kujifunza mto Congo. Walikusanya samaki, panya, mimea, wadudu na uyoga. Katika mwendo huohuo Kisangani ilipata Kituo cha Uangalizi wa Viumbe Hai, kinachojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CSB, ili mikusanyo isiishie yote katika makumbusho ya Ulaya.

Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulianza kulipia mradi wa FORETS, uliosimamiwa na CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, pamoja na UNIKIS, INERA na washirika wengine. Eneo lake lilikuwa mandhari ya Yangambi, na Yanonge ni sehemu ya mandhari hiyo. Mradi uliunganisha vitu ambavyo mara nyingi hutengana: masomo ya chuo, utafiti msituni na kazi za maendeleo vijijini.

Matokeo yanaonekana kwa macho. Herbario ya Yangambi, ghala la mimea iliyokaushwa lenye sampuli zipatazo 150,000, ilikarabatiwa kwa msaada wa Bustani ya Mimea ya Meise ya Ubelgiji. Maabara ya kuchunguza mbao ilianzishwa pamoja na Makumbusho ya Tervuren. Tangu 2020 kuna pia mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, uliosimamishwa na INERA na Chuo Kikuu cha Ghent. Mashine zake, zilizo juu ya vilele vya miti, hupima hewa ukaa inayoingia na kutoka msituni. Ni mnara wa kwanza wa aina hiyo katika msitu wa bonde la Congo.

Kwa nini kupima hapa, wakati satelaiti zinapita juu kila siku? Jibu lilitolewa mwaka 2013, pale watafiti wa Ubelgiji na Congo walipopima urefu wa miti ya Yangambi. Waligundua kwamba miti hiyo ni mifupi kuliko hesabu za kawaida zilivyodhani, na kwa hiyo kaboni iliyomo msituni ni chini ya makadirio. Nchi inayotaka kuuza kaboni ya msitu wake inahitaji namba sahihi, na namba hizo hupatikana kwa mtu aliyeshika kamba ya kupimia chini ya mti.

Utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la Nature mwezi Machi 2020, ukiongozwa na Wannes Hubau wa Tervuren, ulitumia viwanja 244 vya miti katika nchi 11 za Afrika, Congo ikiwemo. Kila kiwanja kina watu wa vijiji jirani waliofungua njia, waliobeba mizigo na waliotaja miti kwa majina yake ya kienyeji.

Nani anashika akaunti

Msomaji anayesikia kwamba mradi wa utafiti umepata mamilioni ya euro anaweza kudhani pesa hizo zinashuka moja kwa moja Kisangani. Mara nyingi si hivyo.

Chukua mfano wa Horizon Europe, mfuko mkuu wa utafiti wa Umoja wa Ulaya kwa miaka 2021 hadi 2027, uliotengewa mwanzoni euro bilioni 95.5. Taasisi za Congo zina haki ya kupokea pesa zake, kwa kuwa nchi ipo kwenye orodha ya mataifa yenye kipato kidogo. Lakini kwa kawaida kundi linaloomba lazima liwe na angalau taasisi tatu za nchi tatu tofauti ambazo ni wanachama wa Umoja huo au zimeungana nao katika mfuko huo. Chuo cha Kisangani kinaingia kama wa nne au wa tano. Mratibu wa kundi ndiye anayepokea pesa zote na kuwagawia wengine kufuatana na bajeti iliyokubaliwa.

Hapo kuna jambo dogo la maneno lenye uzito mkubwa. Taasisi inaweza kuandikwa kuwa mshirika kamili, au ikaandikwa kama mtoa huduma tu. Mshirika kamili huhesabiwa pia asilimia 25 juu ya gharama zake za moja kwa moja, kwa ajili ya umeme, ofisi, uhasibu na mengineyo. Mtoa huduma analipwa kazi aliyoagizwa, basi. Akimaliza kukusanya sampuli, mkataba umekwisha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maabara ya Kisangani itakuwa na jenereta mwaka utakaofuata.

Ubelgiji una njia mbili nyingine zinazojulikana sana na vyuo vya Congo: ARES kwa vyuo vinavyotumia Kifaransa na VLIR-UOS kwa vyuo vya Flanders. Zote hutumia pesa za ushirikiano wa maendeleo wa serikali ya Ubelgiji, na zote hutaka profesa mmoja wa Ubelgiji na mmoja wa nchi mshirika waandike mradi pamoja. Anayefahamiana na profesa wa Ghent, Liège au Leuven ana mlango. Asiyemfahamu yeyote anabaki nje, hata kama wazo lake ni zuri.

Kulikuwa na mfano uliogeuza mpango huo. Programu ya PEER ilianzishwa mwaka 2011 na shirika la Marekani la USAID, ikisimamiwa na Akademia za Taifa za Sayansi za nchi hiyo. Pesa zake zilikwenda kwa mtafiti wa nchi inayoendelea. Mwenzake Mmarekani alipaswa awe tayari na ruzuku yake mwenyewe kutoka serikali yake. Yaani mwenye akaunti alikuwa yule anayeishi penye tatizo. Programu hiyo ilikatika mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipofunga misaada ya USAID, na miradi katika nchi nyingi ilisimama katikati ya kazi.

Somo la 2025 linafanana na lile la 1958. Uamuzi uliochukuliwa mbali, kwa sababu zisizohusu utafiti wenyewe, unaweza kukata mfululizo wa vipimo siku moja. Kwa watafiti wa Goma na Bukavu, miji iliyoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka huo, pigo hilo lilikuja pamoja na vita.

Kinachofika kijijini

Huko Yanonge mambo haya hayazungumzwi kwa lugha ya bajeti. Mtafiti akifika, kijiji kinaona kazi ya siku chache: kuongoza njia msituni, kubeba mizigo, kupika, kukodisha mtumbwi au pikipiki. Ni pesa inayosaidia kulipa shule ya mtoto. Ikiisha, maisha yanarudi kwenye makala na shamba.

Makala ndiyo kiini cha suala. Kisangani inapikia kuni na makala, na vijiji vya kando ya barabara na mto ndivyo vinavyoilisha. Jinsi mji unavyokua, ndivyo mti unavyozidi kuwa mbali na nyumba ya mchoma makala. Kwa hiyo FORETS haikuishia kwenye kupima kaboni. Katika mandhari ya Yangambi, wakulima walisaidiwa kupanda miti inayokua haraka, kama akasia, kwa ajili ya kuni na makala, pamoja na miti ya mbao kama afrormosia, ambayo watu wengi wanaiita mti wa thamani. Mtambo mdogo wa umeme unaotumia kuni za mashamba hayo ulijengwa Yangambi. Wakata mbao wadogo nao walihimizwa kujiunga na kufanya kazi kwa vibali.

Lakini mti na ruzuku hazitembei kwa mwendo mmoja. Ruzuku ya kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Akasia huanza kutoa makala baada ya miaka michache, na hapo mkulima anaweza kuona faida kabla mradi haujafungwa. Afrormosia huhitaji miongo kadhaa. Anayeupanda leo anawapandia wajukuu, na mkataba wa mradi hautakuwepo tena siku ya kuukata. Atakayelinda mti huo ni mkulima mwenyewe, ikiwa haki yake juu ya shamba inatambuliwa na chifu, na na serikali pia.

Kuna pia deni la habari. Kijiji kinachojibu maswali ya nyama ya porini, ya samaki au ya dawa za kienyeji mara nyingi hakioni majibu yake. Ripoti huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, wakati soko la Yanonge linazungumza Kilokele, Kilingala na Kiswahili. Sheria ipo. Sheria ya Congo ya Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa asili inagusa matumizi ya mimea na wanyama kwa utafiti pamoja na elimu ya wenyeji, na nchi iliingia katika Itifaki ya Nagoya, inayodai faida zigawanywe na wale waliotunza rasilimali hizo. Kazi ngumu ni kuishusha sheria hiyo kutoka Kinshasa hadi kwenye mkutano chini ya mwembe.

Watu waliobaki

Ukiulizwa ni faida gani ya ubia isiyofungwa na tarehe, jibu la wazi zaidi liko madarasani. Kupitia miradi iliyofuatana, pesa za Umoja wa Ulaya zimelipia masomo ya uzamili na udaktari ya misitu na viumbe hai kwa zaidi ya wanafunzi mia moja huko UNIKIS. Miaka ishirini iliyopita wataalamu wa misitu wenye shahada hizo nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Leo baadhi ya hao waliosoma wanafundisha, wanasimamia wanafunzi wapya, na majina yao yanaonekana kwenye makala za kimataifa.

Profesa Corneille Ewango wa UNIKIS ni mfano unaojulikana. Alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2005 kwa kulinda mimea ya hifadhi ya Okapi wakati wa vita. Baadaye jina lake limekuwa kwenye tafiti za ardhi ya mboji ya bonde la Congo, ambayo, kwa makadirio ya mwaka 2017, imeficha tani bilioni 30 za kaboni chini ya maji. Mtu wa namna hiyo anapoketi mezani kuandika mradi, swali la nani atashika akaunti linaulizwa mapema, kabla ya saini.

Kwa vijana wa Kisangani, Bunia, Goma, Bukavu au Lwiro wasio na profesa rafiki huko Ulaya, kuna milango midogo. TWAS, akademia ya sayansi yenye makao Trieste, Italia, hutoa ruzuku kwa watafiti wa nchi zilizo nyuma kisayansi. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi kwa mtu binafsi, na mwombaji hupokea pesa kwa kazi yake mwenyewe. Ni pesa kidogo. Lakini anayeitumia vizuri, akatoa hesabu safi na ripoti kwa wakati, hujenga jina litakalomfanya aitwe mshirika kamili katika ruzuku kubwa.

Kabla ya kutia saini ubia wowote, yapo maswali machache yanayofaa kuulizwa. Nani ni mratibu, na sisi tumeandikwa kama nani? Sehemu gani ya bajeti inaingia kwenye akaunti yetu? Sampuli na takwimu zitakaa wapi, na nakala itabaki Congo? Nani atalipia mashine mradi ukifungwa? Majibu yatarudishwa kijijini lini, na kwa lugha gani?

Mnara wa Yangambi umesimama juu ya msitu uleule ulioandikwa kwenye daftari za 1937. Ng'ambo yake, huko Yanonge, magunia ya makala yanaendelea kupakiwa kwenye baleniere kwenda mjini, na katika mashamba fulani akasia changa zinaongezeka urefu kila msimu wa mvua. Mwenye shamba anajua siku aliyozipanda. Siku ya kuzivuna haikuandikwa kwenye mkataba wa mradi wowote.